Kununua Nyumba Phoenix: Mipaka Usiyoiona Ukipita Mtaani

Familia nyingi za Wakongomani na Warundi zilizopokelewa Phoenix na Glendale, Arizona, baada ya miaka ya kambini, sasa zimefika hatua ya kununua nyumba. Swali la kwanza wanalomuuliza dalali ni lile ambalo mtu angeliuliza popote: mtaa upi ni mzuri, na watu wetu wanakaa wapi? Dalali hulikwepa, na ana sababu. Sheria ya haki ya makazi ya Marekani ya 1968, pamoja na marekebisho yake, inamkataza kumpeleka mnunuzi kwenye mtaa fulani, au kumwepusha nao, kwa sababu ya rangi, dini, nchi alikotoka au watoto alionao. Atakuonyesha jiko, kabati na bafu. Kuhusu mtaa atakwambia ukajionee mwenyewe.

Kwa hiyo habari za jirani utazipata kanisani, msikitini au kwa ndugu waliotangulia, na hilo sina wasiwasi nalo, watu wetu wanajua kuulizana. Ninachokihofia ni mambo ambayo hata ndugu aliyetangulia huenda hakuyajua aliponunua. Phoenix hupata mvua ya milimita 180 hivi kwa mwaka. Dodoma, tunayoisema kwa ukame, hupata mara tatu ya hiyo. Jiji la namna hii linaishi kwa mifereji, mitambo na mikataba, na kila kimoja kina mpaka wake. Mpaka wa maji haufuati mpaka wa jiji, wa umeme haufuati wa maji, na wa kodi unapita kwingine kabisa. Nyumba mbili zinazotazamana, bei moja, rangi moja, zinaweza kuwa na maisha tofauti kwa miaka 30 ya mkopo. Kuchagua mtaa huku ni kujua anwani yako imeangukia upande gani wa kila mpaka.

Maji kwanza

Maji ya bonde hili la Phoenix yanatoka sehemu tatu. Ya kwanza ni mito ya Salt na Verde, iliyozuiwa kwa mabwawa upande wa mashariki. Bwawa la Roosevelt lilikamilika 1911. Wakulima wa wakati huo waliweka ardhi yao dhamana ili fedha za ujenzi zipatikane, na haki ya maji hayo ikabaki na ardhi ile mpaka leo. Anayeyasambaza ni Salt River Project, wenyeji wanaita SRP kwa kifupi. Ukipita mitaa ya zamani kama Arcadia utaona nyasi za mbele ya nyumba zimewekwa chini kidogo ya njia ya miguu, zimezungushiwa tuta dogo la udongo. Zamu ya mwenye nyumba ikifika, kila baada ya wiki mbili hivi majira ya joto, anafungua vali, hata kama ni saa nane ya usiku, na maji ya mfereji yanatandaa uani mpaka kwenye mashina ya michungwa. Ni maji ya bei ndogo sana ukilinganisha na ya bomba. Kiwanja kilicho nje ya mpaka huo hakina haki hiyo, hata kikitenganishwa na jirani kwa ukuta tu.

Chanzo cha pili ni mto Colorado, kupitia mfereji wa Central Arizona Project wenye urefu wa maili 336, yaani kilomita 540. Ili Bunge la Marekani likubali kuujenga, mwaka 1968 Arizona ilikubali kwamba mto ukipungua, mgao wa mfereji huo utakatwa kabla ya ule wa California. Sharti hilo lilibaki kwenye makaratasi kwa zaidi ya miaka 50. Agosti 2021 serikali ya shirikisho ilitangaza upungufu kwa mara ya kwanza katika historia ya mto, na 2022 Arizona ikapoteza karibu asilimia 18 ya mgao wake. Walioumia zaidi walikuwa wakulima wa kaunti ya Pinal, kusini mwa Phoenix, maana wao walikuwa mwisho wa foleni. Kanuni zilizokuwa zikiongoza makato hayo zilitungwa ziishe 2026.

Cha tatu ni maji ya chini ya ardhi, na hapa ndipo mnunuzi anapotakiwa kukaza macho. Kwa miongo mingi yalivutwa kwa pampu kuliko mvua inavyoweza kuyarudisha, hata ardhi ikazama futi kadhaa sehemu za magharibi mwa bonde na Pinal. Mwaka 1980 jimbo lilipitisha sheria kali: katika maeneo yanayosimamiwa, Phoenix ikiwamo, mtu hawezi kukata ardhi viwanja sita au zaidi na kuviuza bila kuthibitisha kwamba kuna maji ya kutosha kwa miaka 100. Uthibitisho huo huja kwa njia mbili. Jiji zima linaweza kupewa hadhi hiyo, na Phoenix, Mesa, Tempe, Chandler, Gilbert, Scottsdale, Glendale na Peoria wanayo, kwa kuwa wana vyanzo zaidi ya kimoja. Au mjenzi mmoja anapewa cheti cha mradi wake, na vyeti vingi vya pembezoni vimeegemea visima.

Juni 2023 Gavana Katie Hobbs alitangaza matokeo ya hesabu mpya: kwa miaka 100 ijayo, asilimia 4 ya mahitaji ya maji ya chini ya ardhi katika eneo la Phoenix hayatakuwa na maji. Asilimia 4 si nyingi kuisikia, lakini sheria inasema miaka 100 kamili, kwa hiyo jimbo likasimamisha vyeti vipya vinavyotegemea visima pekee. Vichwa vya habari vya magazeti vilivyosema Phoenix imekwisha maji vilitia chumvi. Nyumba zilizokwisha kupata vyeti ziliendelea kujengwa, na miji yenye hadhi haikuguswa. Walioguswa ni miji ya pembezoni kama Buckeye na Queen Creek, ambako upanuzi ulitegemea visima, na ambako ndiko nyumba mpya za bei nafuu zinakotangazwa kila kona.

Sasa angalia tundu la sheria. Viwanja vitano au pungufu havihitaji uthibitisho wowote. Katika eneo la Rio Verde Foothills, jirani na Scottsdale lakini nje ya mpaka wake, watu walinunua ardhi, wakaikata vipande vitano vitano, na nyumba nzuri zikasimama, zenye mandhari ya milima na mazizi ya farasi. Wengine walichimba visima, vingine vikakauka au havikutoa kitu. Mamia ya nyumba zikawa zinategemea boza linalojaza tangi la chini ya ardhi, na boza lilijaza maji kwenye bomba la Scottsdale. Jiji lilionya miaka kadhaa kabla kwamba maji hayo ni ya wakazi wake. Januari 1, 2023 likafunga. Maboza yakalazimika kwenda mbali, gharama ikapanda sana, watu wakaanza kuoga kwa mahesabu na kuvuna mvua ya kusukumia choo, katika nyumba zenye thamani ya mamia ya maelfu ya dola. Jimbo liliingia kati mwaka huohuo kwa sheria ya muda ya kuwarudishia maji. Lakini aliyenunua pale hakuwa mjinga. Alifungua bomba siku ya kuonyeshwa nyumba, maji yakatoka.

Ndiyo maana swali la kuuliza si "maji yapo?" Uliza nani anayeyaleta, yana jina gani kwenye bili, na kampuni au jiji hilo linayatoa kwenye mto au kisimani. Kama nyumba iko nje ya jiji lolote na kiwanja kimetokana na kukatwakata, muuzaji anapaswa kisheria kukupa hati ya maelezo inayotaja maji na barabara. Isome kabla ya kupenda jiko. Kama ni mradi mpya wa viwanja vingi, mjenzi anatakiwa kukupa ripoti ya umma iliyoidhinishwa na idara ya ardhi na majengo ya jimbo. Ni kurasa zinazochosha, na watu wengi hutia saini kwamba wamezipokea bila kuzifungua. Ndani yake mna maji, mafuriko, viwanja vya ndege na kodi.

Joto halifanani mitaa yote

Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 110 za Fahrenheit au zaidi, yaani kupita 43 za Selsiasi. Julai 19 mwaka huo, joto la chini kabisa la siku nzima lilikuwa nyuzi 97, ambazo ni 36. Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix imo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto kwa mwaka huo mmoja. Karibu nusu walikuwa watu wasio na makazi, lakini wapo waliofia ndani, na sehemu kubwa ya hao kiyoyozi kilikuwapo: kilikuwa kimeharibika, au kimezimwa.

Kinachoua ni usiku usiopoa. Lami na kuta za saruji hunyonya jua mchana kutwa na kulitema usiku. Mtaa wenye miti mikubwa na nyasi zinazomwagiliwa hupoa mapema. Mtaa wa maegesho makubwa, barabara pana na uwanja wa changarawe unabaki moto. Miti hiyo haikugawanywa kwa haki. Phoenix ya kusini na mitaa kama Edison-Eastlake, ambako kwa miongo mingi Weusi na Wameksiko walibanwa wakae, ina kivuli kidogo kuliko kaskazini, na bei za huko ndizo zinazotuita sisi. Simwambii mtu asinunue huko. Namwambia ahesabu gharama ya kivuli kama anavyohesabu gharama ya paa, kwa sababu mti unaopandwa leo utakukinga baada ya miaka kadhaa.

Nenda mtaani saa tatu usiku mwezi wa Julai, shuka garini, weka kiganja kwenye ukuta wa uzio. Kama bado unachoma, utakuwa unalipia joto hilo kila mwezi. Tazama pia nyumba inaelekea wapi. Barabara za Phoenix zimenyooka kama mistari ya daftari, kwa hiyo nyumba nyingi zinaelekea moja kwa moja upande mmoja wa dunia, na wenyeji hupendelea zinazotazama kaskazini au kusini. Ua ulio magharibi hautakaliwa alasiri kuanzia Mei hadi Septemba, na chumba chenye dirisha kubwa la magharibi ndicho kitakachokinyima kiyoyozi pumzi. Watoto wakiwa na chumba hicho, hawatalala.

Umeme nao una mpaka. Anwani yako iko kwa SRP, au iko kwa Arizona Public Service, yaani APS, huchagui. APS ni kampuni ya wanahisa inayosimamiwa na tume ambayo wajumbe wake wanachaguliwa na wapiga kura wa jimbo. SRP ni shirika la umma, na katika uchaguzi wa viongozi wake kura nyingi huhesabiwa kwa ukubwa wa ardhi, si kwa kichwa. Kwa muda mrefu bei za SRP zimekuwa nafuu. Mwombe muuzaji bili za Julai na Agosti, siyo "wastani wa mwaka", maana wastani unaficha ule mwezi utakaokutoa jasho. Ukiona sola juu ya paa, uliza ni mali ya nani. Zikiwa za kukodi, mkataba wa kukodi utakuhamia wewe, na huenda umebakiza miaka mingi.

Mvua chache, mafuriko ya kweli

Msimu wa monsuni huanza katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba. Mvua ya saa moja inaweza kushuka kwenye udongo mgumu usionyonya, na korongo lililokuwa kavu mwaka mzima likawa mto. Nyumba zinajengwa karibu na makorongo hayo kwa sababu ni pazuri: kuna miti, ndege, na hakuna jirani nyuma. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya serikali ya mafuriko unainunua kando, na ukiinunua kwa hiari husubiri siku 30 kabla haijaanza kufanya kazi. Wilaya ya kudhibiti mafuriko ya Maricopa ina ramani mtandaoni. Unaandika anwani, unaona.

Mahali ambapo maji ya chini yalinyonywa sana, ardhi ilipozama ilipasuka nyufa ndefu. Sehemu za Queen Creek, San Tan Valley na Apache Junction zinazo, na idara ya jiolojia ya jimbo imezichora. Ufa unaweza kuonekana kama mfereji mdogo wa kawaida, kisha mvua moja ikaufungua ukameza gari.

Sheria za mtaa

Mitaa mingi iliyojengwa miaka ya karibuni ina chama cha wenye nyumba, HOA. Ukinunua, umejiunga, hakuna kujitoa. Unalipa kila mwezi au kila robo mwaka, na chama kinaamua rangi ya nyumba, mimea ya mbele, maegesho ya magari. Kwa familia inayopokea wageni 40 siku ya arusi au msiba, kifungu cha maegesho kina uzito kuliko bwawa la kuogelea. Anayefuga naye asome. Sheria ya jimbo ya 2024 inaruhusu mpaka kuku 6 uani kwa viwanja vya kawaida, lakini HOA bado inaweza kukataza. Deni la ada likikua, chama kinaweza kufika mahakamani na nyumba ikauzwa.

Mtego mwingine ni Sun City na mitaa mingine ya wazee. Sun City ilifunguliwa Januari 1960 na mjenzi Del Webb kwa ajili ya wastaafu. Nyumba zake ni imara, ni kimya, na bei inavutia, kwa hiyo zinajitokeza juu kabisa ukitafuta nyumba za bei ya chini mtandaoni. Sharti ni kwamba angalau mkazi mmoja awe na miaka 55, na watoto hawaruhusiwi kuishi humo, ila kutembelea kwa muda wenye kikomo. Bibi akinunua kwa nia ya kulea wajukuu, amenunua pasipo pake. Sheria ya shirikisho imeruhusu ubaguzi huo wa umri, kwa hiyo hakuna pa kulalamika.

Miradi mikubwa kama Verrado ya Buckeye, Vistancia ya Peoria na Eastmark ya Mesa ina wilaya maalumu za kodi zilizoundwa kulipia barabara na mabomba. Kodi ya nyumba Arizona kwa jumla ni ndogo, na mtu hujipa moyo kwa wastani huo, kisha bili inakuja na mstari wa ziada. Bili halisi ya kodi ya anwani hiyo inapatikana kwa mweka hazina wa kaunti, bure.

Nyumba za matrela nazitaja kwa ufupi: mara nyingi unanunua trela tu, si ardhi, na mwenye ardhi akiuza uwanja, wewe unaondoka. Na joto linaingia humo kuliko nyumba nyingine yoyote.

Njia ya kazini na vumbi

Wengi wetu tunafanya kazi kwenye maghala ya Tolleson na Goodyear, au uwanja wa ndege, au hospitali za katikati. Anayeishi magharibi na kufanya kazi katikati ya jiji huendesha kuelekea mashariki asubuhi, jua likiwa usoni, na kurudi magharibi jioni, jua likiwa usoni tena. Aliye mashariki hulipata mgongoni mara zote mbili. Familia yenye gari moja iangalie treni nyepesi inayounganisha Phoenix, Tempe na Mesa tangu Desemba 2008, maana kusubiri basi kituo kisicho na kivuli mwezi wa Julai ni hatari ya kweli. Shule zinakuruhusu kuomba nafasi nje ya eneo lako, ila usafiri wa mtoto mara nyingi unabaki juu yako. Na magharibi mwa Glendale, ndege za kivita za F-35 za kituo cha Luke zitapita juu ya paa. Nenda siku ya kazi, sikiliza.

Kuhusu vumbi niseme wazi. Udongo wa Arizona una kuvu wanaoleta homa ya bonde (kwa Kiingereza Valley fever), ugonjwa wa mapafu, na sehemu kubwa ya wagonjwa wote wa Marekani wako jimbo hili. Watu wenye asili ya Afrika, wajawazito na wenye kinga dhaifu wana hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya. Hakuna mtaa usio nao, lakini nyumba iliyo pembeni mwa ardhi inayochimbuliwa kwa miaka mitatu ijayo itameza vumbi jingi kuliko iliyo katikati ya mtaa uliokomaa. Kikohozi kisichoisha, mwambie daktari unaishi Arizona na uombe kipimo cha homa ya bonde kwa jina.

Mkataba wa kawaida wa ununuzi Arizona unampa mnunuzi siku 10 za ukaguzi, isipokuwa mmeandika vingine. Watu wengi huzitumia kwa fundi wa kukagua paa na mabomba peke yake. Zinatosha pia kupiga simu ofisi ya maji, kuangalia ramani ya mafuriko, kusoma kanuni za HOA, kupata bili za umeme na kodi, na kwenda mtaani alasiri na usiku. Ukiona usichokitaka, unaarifu kwa maandishi ndani ya siku hizo, na amana yako inarudi. Siku zikipita bila karatasi yoyote kutoka kwako, mkataba unakuhesabu kwamba umeikubali nyumba jinsi ilivyo.